Stesheni ya TAZARA: Umri Si Kipimo Pekee cha Urithi

Hoja yangu jioni hii ni moja: stesheni ya TAZARA, yaani Reli ya Tanzania na Zambia, jijini Dar es Salaam, pale Barabara ya Nyerere inapokutana na Barabara ya Mandela, upande wa Temeke, inastahili kutangazwa kuwa urithi wa taifa ingali ikipokea abiria. Tumezoea kuitafuta historia ya reli katikati ya jiji, karibu na bandari, ambako Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Historia hiyo tuitunze, tukikumbuka kwamba reli ile ilichorwa na mtawala ili mali ya bara ifike melini. Reli iliyotokana na uamuzi wa Waafrika walio huru ilianzia pembezoni mwa jiji.

Ushahidi wa kwanza ni upana wa reli zenyewe. Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, sawa na reli za Zambia na nchi za kusini mwake. Kwa tofauti hiyo ndogo, treni itokayo Kapiri Mposhi, Zambia, haiwezi kuingia stesheni ya Wajerumani, hivyo ililazimu ijengwe stesheni nyingine, penye nafasi ya kutosha. Nayo tofauti ina sababu ya kisiasa. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na njia ya kusini ya shaba ya Zambia ikawa mikononi mwa mahasimu. Benki ya Dunia iliuona mradi wa reli mpya hauna faida. Marais Nyerere wa Tanzania na Kaunda wa Zambia hawakukata tamaa. Mwaka 1967 nchi zao zilitia saini makubaliano na China mjini Beijing, ujenzi ukazinduliwa mwaka 1970, na mwaka 1975 kilomita 1,860 zikawa zimekamilika.

Wapo watakaosema kwamba jengo lenyewe ni zege tupu, tena limechorwa na Wachina, kwa hiyo si letu. Kuhusu sura yake, tutazame Uingereza. Majengo ya reli ya enzi ya Malkia Victoria, ambayo leo watalii huyapiga picha, katikati ya karne ya 20 yalidharauliwa kuwa mazito na yaliyopitwa na wakati. Lango la stesheni ya Euston, London, lilianza kubomolewa mwaka 1961 licha ya kilio cha wapenda majengo. Stesheni jirani ya St Pancras, iliyofunguliwa mwaka 1868, iliponea chupuchupu: ilipewa ulinzi wa kisheria mwaka 1967, mwaka uleule wa makubaliano ya Beijing. Ladha ya kizazi kimoja, basi, haitoshi kuhukumu jengo. Ukumbi mpana wa TAZARA na madirisha yake makubwa vinampa abiria wa daraja la tatu hadhi ya mgeni wa taifa. Kuhusu Wachina, makaburi ya mafundi wao yako Gongo la Mboto. Waliochangia jasho na uhai hawaufanyi urithi huu kuwa mdogo.

Pingamizi zito zaidi ni la sheria na fedha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1886. Ya baadaye husubiri tangazo la waziri. Kwa kipimo hicho hata stesheni ya Wajerumani ni changa, na kila jengo la uhuru litabaki nje. Lakini mlango wa tangazo upo, na tuutumie. Na iwapo tutaambiwa kwamba TAZARA inahitaji injini na mataruma kabla ya heshima, nitajibu kwamba vyote viwili vinaweza kwenda pamoja. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya kuifufua reli hii. Ukarabati ndio wakati ambapo kuta huvunjwa bila kuulizwa. Tangazo litolewe kabla ya nyundo, likiwa na sharti kwamba ukumbi, uso wa jengo na uwanja wa mbele vibaki, na kwamba treni ziendelee kuondoka hapo. Jengo la reli hulindwa vizuri zaidi na abiria wake.