Udongo Mchachu Hula Fedha ya Mbolea

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililonitia aibu mimi mwenyewe.

Mzee mmoja huko Nyanda za Juu za Kusini aliniita shambani. Mahindi yake yalikuwa yamedumaa. Nikamwambia, "Mzee wangu, ongeza SA." Akaongeza mifuko miwili. Mwaka uliofuata mavuno yakapungua zaidi, akaniuliza, "Bwana shamba, fedha yangu imekwenda wapi?" Ndipo nikachukua udongo wake ukapimwe, kazi ambayo ilinipasa kuifanya kwanza. Kipimo kikasoma 4.8.

Kipimo hicho huitwa pH. Maji safi ni 7. Chini ya 7 ni uchachu, yaani tindikali: ndimu iko karibu na 2. Juu ya 7 ni vitu vya jamii ya magadi, sabuni na majivu. Lakini angalieni, kila hatua moja ni mara 10. Udongo wa 5 ni mchachu mara 10 kuliko wa 6, na wa 4 ni mara 100. Kwa hiyo tofauti ndogo kwenye karatasi ni kubwa shambani.

Udongo ukishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi. Ng'oeni mche mmoja muone: mizizi ni mifupi, minene, haina nywele. Fosfeti nayo hukamatwa na udongo. Mbolea ipo, mmea una njaa. Maharage huumia upesi. Chai, kwa upande wake, hustawi penye 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo mwenye chai asimwige jirani mwenye mahindi.

Na SA ilifanya nini? Vijidudu vya udongoni huigeuza amonia yake kuwa naitreti, na katika kazi hiyo hutoka tindikali. Mfuko wa kilo 50 wa SA huacha uchachu unaohitaji kama kilo 55 za chokaa kuuondoa. Basi mimi nilimshauri mzee anunue uchachu! CAN huchachusha kidogo sana, kwa sababu imechanganywa na chokaa.

Dawa ni chokaa ya kilimo, iliyosagwa laini. Itawanyeni mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, mkaichanganye na udongo kwa jembe. Msiichanganye na SA hata siku moja. Ile harufu kali inayochoma pua ni amonia inayotoroka, na hiyo ndiyo chakula mlichonunua. Majivu ya kuni nayo yana tabia hiyo hiyo.

Chokaa kiasi gani? Sitawatajia hapa redioni, maana udongo wa mfinyanzi hutaka nyingi kuliko wa kichanga. Pimeni kwanza. Tembeeni shambani kwa kupindapinda, mchimbe mahali 15 hivi, kina cha sentimeta 20. Changanyeni katika ndoo safi ya plastiki, mwanike kivulini, mmpe bwana shamba wenu nusu kilo. Msichimbe penye kichuguu, penye samadi, wala palipochomwa takataka, kwani majivu yatakidanganya kipimo.

Kwaherini, hadi juma lijalo.