Funguo za sanduku zikae kwa nani?

Masomo ya juma hili ni 2 Wafalme 12, mstari wa 6 mpaka 10, na 2 Wakorintho 8, mstari wa 18 mpaka 21.

Ndugu na dada, tuanze na kosa letu wenyewe. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia Goma, mabanki yalifunga milango. Mtu alikuwa na feza kwenye akaunti, na watoto wake wanalala njaa. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta njia. Wengi tulibaki na simu tu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Kanisa letu nalo likafanya hivyo. Sadaka na mchango wa wajane, vyote tukaviweka kwenye simu ya mchungaji. Laini iliandikishwa kwa jina lake, na namba ya siri aliijua yeye peke yake. Tulisema ni kwa siku chache. Ikapita miezi.

Jioni moja simu ile ikanyang'anywa njiani. Wezi hawakupata feza, maana hawakujua namba ya siri. Siku ya nne laini ilirudishwa, na mchango ulikuwa mzima. Tulitaka kumshukuru Mungu na kusahau. Lakini mama mmoja mjane, aliyengoja siku zile zote ili amnunulie mtoto dawa, alisimama mkutanoni akasema: "Baba mchungaji, tunashukuru uko mzima. Lakini kama wangekuua, makuta yetu tungemdai nani? Mama mchungaji, naye akiwa kwenye matanga?"

Tulinyamaza. Hakuna aliyeiba, lakini swali lake lilikuwa la haki. Limetuletea maswali matatu.

La kwanza: nani afungue akaunti? Afungue mwenye jasho. Sheria ya familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, ilimtaka mke apate ruhusa ya mume katika mikataba mingi, na kwa njia hiyo akaunti ya banki ikawa jambo la kuombewa ruhusa. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa ile; leo mume na mke wanatakiwa kupatana. Hata hivyo, bado tunasikia wamama wakiambiwa dirishani walete kwanza karatasi ya bwana zao. Na sisi wachungaji tusijitoe. Mara ngapi tumehubiri kwamba mume ni kichwa, tukaishia hapo? Mwanamke wa Methali 31, mstari wa 16, analiangalia shamba na kulinunua, kisha anapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake. Na mstari wa 11 unatuonyesha mume wake ana nini: ana moyo unaomtumaini. Mama anayeamka alfajiri kwenda Kituku kuchukua sambaza auze, jasho ni lake. Baba, ukimwamini na watoto wako, mwamini na daftari lake. Na wewe mama, akaunti yako isiwe maficho. Ya Anania na Safira mnayajua.

Swali la pili: nani atumie? Hapa tutofautishe kushika na kumiliki. Yuda alishika mfuko, lakini mfuko haukuwa wake, na Yohana 12, mstari wa 6, unasema alikuwa akichukua vilivyowekwa humo. Yule kijana unayempa simu akusaidie kutuma, na wakala wa pale kwenye kona, wote ni wasaidizi tu. Ukimtajia namba ya siri, umempa ufunguo wa nyumba. Wazee wetu wasioona vizuri, chagueni mtu mmoja wa kuaminika, na jirani ajue ni nani.

Swali la tatu ndilo zito zaidi: nani asimamie mali ya wengi? Katika siku za mfalme Yoashi, makuhani walipokea feza za kutengeneza nyumba ya Bwana, na mpaka mwaka wa 23 wa ufalme wake nyufa zilikuwa hazijazibwa. Ndipo Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja wakahesabu. Paulo naye, pamoja na utume wake wote, hakubeba mchango peke yake. Makanisa yalichagua ndugu wa kusafiri naye, asije mtu akawalaumu. Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana, na mbele za watu pia.

Wamama wetu wa AVEC wanalijua somo hili kutushinda. Sanduku lao lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Aliye na sanduku hana ufunguo. Linafunguliwa mkutanoni tu, macho ya wote yakiona. Watu wa sanduku lile wanapendana, na bado wanafunga kufuli tatu, ili shetani asipate mlango kwa yeyote kati yao.

Basi sisi tumetubu, na tumebadilisha. Simu ya kanisa inakaa kwa shemasi mmoja. Namba ya siri anaijua mama aliyechaguliwa na wamama wenzake. Daftari liko kwa mzee wa kanisa. Tumeandika karatasi, na mashahidi wametia sahihi, kwamba feza zile ni za kanisa, hata laini ikiwa na jina la mtu. Familia ya shemasi inajua. Kila mwanzo wa mwezi daftari linasomwa mbele ya wote. Mchungaji hana ufunguo wowote, na tangu siku ile analala vizuri.

Juma hili, ulizeni nyumbani, kwenye likirimba na kanisani kwenu: mtu mmoja akiondoka leo, feza za wengi zitabaki mikononi mwa nani?

Tuombe. Baba, utupe mikono safi, na unyenyekevu wa kukubali kuhesabiwa. Uwalinde wajane na chakula chao. Katika jina la Yesu. Amina.