Geji Haipimi Oili ya Juu: Mazungumzo na Wamiliki wa Matrekta Makuukuu



Wengi wenu mnaomiliki trekta la Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964, mmelinunua likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa. Tumechagua kuzungumzia njia ya oili katika injini yake ya Perkins yenye silinda tatu, kwa kuwa asiyeijua njia hiyo anaweza kulipia ufunguaji wa injini nzima pasipo sababu.

Pampu huvuta oili kutoka chini kabisa, ndani ya sampu, ikaisukuma kupitia filta hadi kwenye njia kuu iliyotobolewa ndani ya bloku. Hapo beringi za krenkshafti hupata oili kwa msukumo kamili. Roka, yaani vile vyuma vinavyobonyeza valvu juu ya silinda hedi, hazipati msukumo huo. Oili yake hupitia kwanza katika beringi ya katikati ya kemshafti, ambako msukumo hupunguzwa kwa makusudi, ndipo ipande kupitia tundu jembamba la bloku na hedi, iingie ndani ya shafti ya roka na kutoka taratibu penye kila roka. Ikishafanya kazi yake huteremka yenyewe kwenye fito za kusukumia, ikilowesha tapeti njiani, hadi kurudi ilikotoka.

Sasa itazameni geji. Injini ikiwa ya moto na kuzungushwa kwa kasi kubwa, kipimo cha kawaida ni pauni 30 hadi 60 kwa inchi ya mraba. Lakini kipimo hicho ni cha njia kuu ya chini. Geji yaweza kusoma vizuri kabisa huku roka zikisagika kwa ukavu. Kwa hiyo muuzaji anayewaonyesha geji peke yake hajawaonyesha sehemu ya juu.

Ombeni kava ya tapeti ifunguliwe. Injini ikiisha kupata moto, na ikinguruma polepole, oili ionekane ikichuruzika penye kila roka. (Nguo na mikono ikae mbali, vyuma hivyo havina huruma.) Msitarajie iruke kama maji ya bomba. Fundi akiwaambia kwamba pampu imekufa kwa kuwa oili ya juu ni kidogo, mwulizeni geji inasemaje, kwani uchache huo ndio ulivyokusudiwa na waliounda injini.

Ukavu kamili ni jambo jingine, nao haufai kupuuzwa hata siku moja. Hata hivyo, chanzo chake mara nyingi si kikubwa: uchafu wa oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa umeziba tundu lile jembamba, au gasketi ya hedi imefungwa kinyume, au tundu lake halilingani na njia. Mkao wa shafti ya roka nao una neno. Shafti ina mkato mwishoni, na ikirudishwa ikiwa imezungushwa visivyo, kiasi cha oili hubadilika. Ndiyo maana trekta lililotoka gereji juzi likaanza kupiga kelele juu lirudishwe kwa fundi yuleyule, kabla ya kukubali kununua pampu mpya.

Kwa walio Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mteja katika biashara. Lakini lalamiko huhitaji ushahidi. Basi kabla ya kazi kuanza, takeni maandishi yanayotaja kasoro iliyoonekana, kipimo cha geji injini ikiwa ya moto, na vipuri vitakavyobadilishwa. Kazi ikiisha, dai risiti na vipuri vya zamani, ikiwamo gasketi. Tundu lililozibwa huacha alama juu yake.