Ploti Bila Njia Si Nyumba
(Maneno ya mwanachama mmoja, mfanyakazi wa njia ya reli, katika mkutano wa tawi, Fort Ternan)



Mimi si mwanasheria. Shule yangu ni ya msingi ya misheni, na kazi yangu ni mataruma na kokoto. Lakini jambo la leo lamgusa kila mmoja wetu: siku ya kutoka kazini tutalala wapi?

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 ikipita hapa petu, na tangu zamani mfanyakazi alipewa chumba cha landi. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter ilisema mshahara wa Mwafrika usiwe wa kapera tu, bali umtoshe yeye na jamaa yake. Neno hilo lilikuwa jema, lakini chumba cha kazi kilibaki chumba cha kazi. Ukistaafu, unakabidhi ufunguo. Ndugu zetu wa majani chai huko Kericho wanaijua habari hiyo kama sisi.

Ndiyo sababu tunakimbilia ploti za futi 50 kwa 100. Nami nilinunua pamoja na wenzangu wa genge. Mwenye shamba alipima kwa kamba, tukaandikiana karatasi, tukalipa. Ramani haikupelekwa kokote, na njia ya kuingia ilikuwa ya maneno tu. Aliye mbele alipojenga ua, sisi wa nyuma hatukuwa na mahali pa kupitisha hata kiroba cha saruji. Hati hatujapata hata leo. Shamba la miwa limekwisha, na nyumba hazikuongezeka.

Wako wasemao kwamba ukaguzi wa kaunti ni wa kutuchelewesha tu. Ndugu zangu, sisi watu wa reli twajua kwamba gari haliondoki stesheni bila ruhusa ya njia. Lakini stesheni masta naye hana haki ya kulalia ruhusa hiyo. Yote mawili ni kweli. Ploti zenye ruhusa zikiwa chache, bei hupanda, na mnyonge hukimbilia karatasi ya dalali.

Sasa sikilizeni sheria. Kwa Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019, kugawa shamba kunataka ruhusa ya kaunti. Zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa huhesabiwa kuwa imetolewa. Ukikataliwa, unazo siku 14 za kukata rufani. Tena, shamba la kilimo linataka kibali cha bodi ya ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967, na maombi yapelekwe kabla ya miezi 6 kupita tangu mapatano. Bila kibali hicho mapatano ni bure, ingawa pesa uliyolipa waweza kuidai kama deni. Sisi hatukuyajua hayo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena, tangu mwaka 2024 sheria ya nyumba za bei nafuu imeamuru tukatwe asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri atoe kadiri hiyohiyo. Mtu anayekatwa ana haki ya kuuliza habari za nyumba.

Naomba tawi hili likubali mambo matatu.

Kwanza, mwanachama asilipe ploti kabla ya kuona ramani iliyopigwa muhuri wa kaunti, yenye njia, pamoja na kibali cha bodi.

Pili, tununue kwa kikundi, tukodi mpima ardhi mwenye leseni, na katibu aandike tarehe ya kupeleka maombi, azihesabu zile siku 60.

Tatu, tupeleke wajumbe kaunti waombe mambo mawili kwa pamoja: njia ionyeshwe katika kila shamba linalogawanywa, na majibu yaje kwa wakati wake. Tusiombe moja tukaacha la pili.

Mimi ploti yangu imekwisha kunifunza. Vijana wa genge walioajiriwa juzi wasifunzwe kwa gharama ileile.

Umoja ni nguvu.