EKARISTI YATUITA TUWE WAMOJA
(Hotuba iliyosomwa na mwalimu mkimbizi kutoka Gihosha, Bujumbura, siku ya kuwakumbuka Vijana wa Buta)





Leo tunawakumbuka vijana 40 wa Seminari Ndogo ya Buta, huko Bururi. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. Wakauawa pamoja. Walikuwa wanafunzi, kama hawa tunaowafundisha hapa. Walikuwa wamezoea kula meza moja na kupiga magoti mbele ya altare moja.

Sisi wa Gihosha tunalijua jambo hili kwa uchungu. Miaka ya 1990 mitaa ya kaskazini ya Bujumbura iligawanyika kikabila: jirani zetu wa Kamenge kabila moja, wa Ngagara kabila lingine. Watu waliobatizwa kwa ubatizo mmoja wakaogopa kuvuka barabara.

Mtume Paulo aliwakemea Wakorinto kwa sababu walikutana kwenye Meza ya Bwana huku mmoja ameshiba na mwenzake ana njaa. Hakuwaambia waache kukutana. Aliwataka wajipime na wangojane.

Hapa kambini, Jumapili tunapokea komunyo pamoja. Jumatatu kwenye bomba la maji watu wanaulizana: "Wewe ni wa mkoa gani? Ulikimbia mwaka gani?" Mgonjwa anakosa wa kumwombea kwa kuwa si wa kwao. Je, hiyo ni Ekaristi gani?

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, jumuiya ndogo ndogo zifuate mahali tunapoishi, si mikoa tulikotoka. Pili, Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, kwaya za Kirundi na za Kiswahili ziimbe pamoja. Tatu, siku ya mgao, mwenye uwezo atoe kikombe cha unga kwa wagonjwa na wazee, bila kuuliza kabila wala dini.

Ndugu wa mashirika, umoja huu utawarahisishia kazi ninyi pia.

Vijana wa Buta walikataa kutengana mbele ya bunduki. Sisi tusitengane kwenye foleni ya maji.