Kutoka Simu ya Jikoni Hadi Albamu ya Jubilei
Hotuba ya Katibu wa Kwaya





Kamati iliniomba nieleze jinsi nyimbo 10 za albamu hii zilivyotengenezwa. Mwenyekiti alitaka nianze na hesabu ya pesa. Mweka hazina yuko hapa na vitabu vyake, mwulizeni yeye. Mimi nitasema juu ya nyimbo, na hasa wimbo mmoja ambao nilikaribia kuuharibu kwa mkono wangu.

Wengi hudhani wimbo hutoka kwa mtunzi ukiwa umekamilika, kama mkate unavyotoka dukani. Sivyo. Kwanza kuna ile rekodi mbichi ambayo mtunzi hujiwekea asije akasahau, nayo wanamuziki huiita demo. Katika kwaya yetu demo huingia kwenye kundi letu la WhatsApp saa kumi na moja alfajiri. Ya wimbo wetu wa kutoka Misa ilirekodiwa ndani ya matatu, na utingo anasikika akiita abiria kuliko mtunzi anavyosikika akiimba. Ilibidi tumwombe aimbe upya.

Baada ya demo huja watu wengine, na kila mmoja ana lake. Mnakumbuka ule wimbo wa mwaka 1985 wa kuchangia walioathiriwa na njaa Ethiopia, "We Are the World". Michael Jackson na Lionel Richie waliutunga, wakatengeneza demo, na waimbaji wakapelekewa kaseti ili waje wakiwa wameuzoea. Usiku wa tarehe 28 Januari waimbaji zaidi ya 40 wakakusanyika studio huko Hollywood, Quincy Jones akiongoza. Mambo yakaendelea vizuri mpaka Stevie Wonder alipopendekeza yawekwe maneno ya Kiswahili. Wakajadiliana usiku ule, hadi ikasemwa kwamba watu wa Ethiopia hawazungumzi Kiswahili. Niliwasimulia wanafunzi wangu kisa hicho, na mmoja akauliza kwa nini hawakutupigia simu sisi.

Kisa kilichonigusa zaidi, hata hivyo, ni cha mtu aliyekuwa peke yake. Bruce Springsteen wa Marekani alikuwa amechoka kutumia pesa nyingi studio akitafuta nyimbo ambazo bado hazijaiva. Akamwomba fundi wake, Mike Batlan, amletee mashine ndogo ya kurekodia ya kutumia nyumbani. Ikaja mashine ya Teac iliyotumia kaseti ya kawaida na kugawa sauti katika njia nne. Waliiweka katika chumba cha kulala cha nyumba ya kupanga huko Colts Neck, New Jersey, wakasimamisha maiki mbili. Mwanzoni mwa Januari 1982 akakaa kwenye kiti na kuimba. Njia mbili zilichukua sauti yake na gita. Zile mbili zilizobaki akaongezea kinanda cha mdomo, sauti ya pili, na vitu vidogo vidogo. Kisha wakahamishia kazi yote kwenye redio kaseti ya Panasonic ambayo ilikuwa imewahi kuingia maji. Kaseti yenyewe aliitembeza mfukoni majuma kadhaa, haina hata kasha.

Nia yake ilikuwa kuifundishia bendi, kama sisi tunavyopigiana demo kabla ya mazoezi. Wakaenda studio New York, bendi nzima, wapigaji hodari. Nyimbo nyingi zikakataa. Kadiri walivyozipamba ndivyo zilivyozidi kupotea. Baadhi tu ya nyimbo za kaseti ile zilipata nguvu mpya kwa ngoma na vinanda, mmojawapo "Born in the U.S.A.", uliokuja kuipa jina albamu yake ya 1984. Mwishowe wakakubaliana kutoa zile nyingine zikiwa kaseti vilevile. Mafundi walitaabika kuzihamisha kwenye sahani ya santuri, kwa sababu sauti ilikuwa hafifu. Albamu ikatoka Septemba 1982 kwa jina la "Nebraska", ikiwa na nyimbo 10. Kilichokuwa demo kikawa kazi yenyewe.

Sasa nirudi kwetu, na niungame.

Wimbo wetu wa matoleo ulitungwa na mmoja wa mama waanzilishi. Sitamtaja jina, kwa sababu ameniambia nikimtaja atatoka nje. Mjukuu wake alimrekodi kwa simu jikoni, mama akipika. Kifuniko cha sufuria kinasikika, na kuku pia. Anaimba bila haraka, na katika ubeti wa tatu, kabla ya neno la mwisho, ananyamaza. Si kidogo. Ukiwa unasikiliza kwa mara ya kwanza utadhani simu imekatika. Halafu analitamka lile neno polepole na kuendelea.

Kazi ya kuandika noti za solfa ilikuwa yangu. Nilisomea ualimu, na mwalimu akiona mahali pameachwa wazi mkono wake hutafuta kalamu nyekundu. Niliamini mama amesahau neno. Basi nikaondoa ule ukimya. Ubeti ukawa na mapigo sawa na mingine, karatasi ikapendeza. Tukaufanyia mazoezi miezi miwili hivyo. Studio wakatuwekea mdundo wa mashine masikioni, tukaimba bila kukosea, prodyuza akatusifu. Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Siku ya kusikiliza nyimbo katika ukumbi wa parokia, mama alikaa kiti cha mbele. Wimbo wake ulipokwisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mwalimu, ni mzuri. Huo umetungwa na nani?"

Watu walicheka wakidhani anatania. Hakuwa anatania. Nilimfuata nje na kumweleza kwamba ni wake. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Wangu una mahali pa kupumua." Ndipo akanieleza. Aliutunga mwaka aliomzika mumewe. Lile neno la ubeti wa tatu hakuweza kulitamka siku ya kwanza, wala ya pili. Siku alipoweza, ilimbidi asubiri kwanza. Akawa anaimba hivyo tangu hapo.

Nilileta jambo hili kwenye kamati nikiwa na aibu. Muhtasari wa kikao ninao, niliuandika mwenyewe. Kulikuwa na waliosema pesa za studio zimeshalipwa, na walikuwa na haki kusema hivyo. Kuna mtu humu alitoa mchango wake wa mwisho wa mwezi. Wengine walisema msikilizaji hatajua tofauti. Mtu wa besi, ambaye kwa kawaida husinzia vikaoni, akauliza, "Yeye je, si msikilizaji?" Tukapiga kura, ikawa 7 kwa 5.

Hatukurudi studio, maana mfuko haukuruhusu. Jumamosi moja jioni tulifunga milango ya kanisa, tukaweka maiki mbili mbele ya altare, na mwalimu wetu akaongoza kwa mkono bila mdundo wa mashine. Kazi ngumu ilikuwa ule ukimya. Watu 30 hawajui kunyamaza pamoja. Mara tatu soprano waliingia mapema, mara moja nikaingia mimi. Mwisho mwalimu akamwomba mama asimame katikati yetu, na tukaacha kuhesabu, tukawa tunamtazama yeye anavyovuta pumzi. Ikakaa.

Kisha kijana wetu wa mitambo akapendekeza mwanzo wa wimbo utumie rekodi ya simu, mama peke yake kwa ubeti mmoja, halafu kwaya iingie. Alijaribu kuondoa kelele za jikoni, lakini kila alipoziondoa sauti ya mama nayo ilikuwa nyembamba. Akaziacha.

Kwa hiyo, mtakaonunua albamu leo pale mezani kwa mweka hazina, wimbo wa matoleo ni wa 7. Ukisikia kuku, si kosa, usituletee flashi tukubadilishie. Na katika ubeti wa tatu wimbo ukinyamaza, tafadhali usiguse redio.