Mama, Usiogope Kiti cha Daktari wa Meno

Zamani Wajaluo waling'olewa meno sita ya chini bila ganzi, na masimulizi hayo bado yanatutia hofu. Leo ipo sindano ya ganzi. Ukifika, sema wazi: "Daktari, naogopa." Atakueleza kila hatua. Pataneni ishara: ukiinua mkono, anasimama. Kabla ya kung'oa, atagusa ufizi kuhakikisha umekufa ganzi. Utasikia kusukumwa, si maumivu makali. Ukiumia, sema, ataongeza ganzi. Vuta pumzi polepole.

Usingoje shavu livimbe. Penye usaha ganzi haishiki vizuri, na ugonjwa waweza kuenea shingoni. Wala usimtishe mtoto kwa sindano ya daktari. Kesho atakataa kutibiwa.